Mafia kwa Tanga: Nani Kabeba Maji?

Siku nne kisiwani, ubao mmoja wa mtumba, mkoba mmoja uliojaa, na somo ambalo hatukulitegemea

Mpenzi msomaji, kabla hatujafika mbali naomba nikuulize swali moja. Mkitoka wewe na mwenzi wako, nani anabeba vitu? Simu, funguo, pochi, maji, miwani, vyote vinaishia kwenye mkoba wa nani? Kama wewe ni mwanamke najua unacheka sasa hivi. Kama wewe ni mwanaume, usifunge ukurasa, hii stori inakuhusu kuliko unavyodhani.

Mimi na mume wangu tuna miaka sita ya ndoa na mkoba wangu una miaka sita ya kubeba vitu vyake. Nilikuwa sijawahi kulalamika. Mpaka tulipokwenda Mafia.

Ubao wa mzungu aliyekuwa anahama

Ilianza hivi. Mume wangu alinunua ubao wa tanga. Kwa wasiojua, ni ule ubao mrefu unaosimama juu yake, una mlingoti na tanga lake, unashika bomba kwa mikono miwili na upepo unakupeleka. Mchezo huu umo Olimpiki tangu mwaka 1984 kwa wanaume na 1992 kwa wanawake, lakini kibongobongo bado ukiwaambia watu unaucheza wanadhani unajigamba. Aliuziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anahama Masaki, bei ya kutupa. Akajifunza wikiendi kwa wikiendi pale Msasani, akaanguka weee, mwisho akasimama. Akisimama tu, mtu mzima akaanza kuota visiwa.

Kwa nini Mafia? Kwanza, kila mtu anakwenda Zanzibar. Pili, ghuba ya Chole, upande wa mashariki wa kisiwa, imezungukwa na visiwa vya Chole na Juani pamoja na miamba, kwa hiyo mawimbi makubwa ya bahari kuu yanavunjikia nje na ndani upepo unabaki. Miezi ya kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, upepo unavuma karibu kila siku. Ni mahali pa mtu mwenye tanga.

Ubao hauingii kwenye vile vindege vidogo vya kutoka Dar, kwa hiyo tuliufunga juu ya gari kwa mipira ya kufungia mizigo, tukashika barabara ya Kilwa, tukapinda Bungu mpaka Nyamisati, tukavuka kwenda Kilindoni. Abiria wenzetu waliuangalia ule ubao kama tumebeba jeneza. Kutoka Kilindoni mpaka Utende ni lami, dakika ishirini hivi. Getini unalipa kiingilio cha hifadhi, maana eneo lote hili ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye kilomita za mraba 822. Usiku ule tulilala tunasikia minazi tu. Raha, acha kabisa.

"Mkoba wa mkeo unaenda Chole, wewe unaenda wapi?"

Asubuhi ya pili mpango ulikuwa mtamu. Mimi nipande ngalawa kwenda Chole, nitembee kwenye magofu, niwaone popo. Yeye akate ghuba kwa ubao wake, azunguke kuelekea Juani, kisha tukutane Chole tule mchana pamoja. Mimi nimefunga kila kitu: chupa mbili kubwa za maji, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, mafuta ya kukinga jua, simu yangu, simu yake, miwani yake, kofia yake. Yeye kavaa kaptula na jaketi la kuelea, basi.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, mpole, mtu wa maneno machache. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo nahodha." "Marahaba." Kisha mzee akamtazama juu mpaka chini.

"Maji yako yako wapi, bwana?"

"Yako kwenye mkoba wa mke wangu."

"Mkoba wa mkeo unaenda Chole. Wewe unaenda wapi?"

Tukacheka wote. Nahodha hakucheka sana. Akasema maji yanatoka, na haya ni ya bamvua, kwa hiyo yanatoka kwa nguvu. Tulimsikia, lakini si unajua watu wa mjini tukisikia jambo la bahari? Tunaitikia kwa kichwa.

Hapa nikueleze kidogo, kwa sababu ndipo kasheshe lilipolala. Mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua. Kwenye pwani yetu siku za bamvua maji yanakuwa yamekauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi. Maji yote yale ya ghuba ya Chole yanatafuta pa kutokea, na njia kubwa ni mlango wa Kinasi, unaofungukia bahari kuu. Sisi tuliondoka saa mbili asubuhi. Yaani tuliondoka pamoja na maji.

Tanga lililosimama mchangani

Ngalawa ilibisha mara chache, huku na huku dhidi ya upepo, tukafika Chole. Kisiwa hakina magari. Utapita magofu ya wakati wa Wajerumani, kabla makao ya utawala hayajahamia Kilindoni, mizizi imekumbatia kuta mpaka huoni mwisho wa mti wala mwanzo wa nyumba. Popo wakubwa wa matunda wananing'inia mchana kweupe wakigombana kama majirani. Nilikuwa naenjoi kweli. Nilipiga picha kama mia.

Niliporudi ufukweni saa nne kasoro, bahari ilikuwa imeondoka. Sitanii. Ngalawa yetu ilikuwa imekaa juu ya tope, mirengu yake miwili imeegemea chini kama mtu aliyechoka. Na mume wangu hayupo.

Nahodha ndiye aliyemwona. Mbali, kilomita mbili hivi, katikati ya ghuba, palikuwa pametokea fungu la mchanga, na juu yake limesimama tanga la rangi ya machungwa. Limesimama tu, haliendi.

"Amepata nchi," nahodha akasema. "Amechomeka mlingoti tumwone. Ana akili."

Akili gani, nikajisemea moyoni, simu yake ninayo mimi! Nahodha akapiga simu Utende. Boti za injini za jirani zilikuwa zimeshatoka na wapiga mbizi, nje ya mlango. Ngalawa yetu isingeelea mpaka maji yarudi, saa saba hivi. Nikafanya hesabu ambayo sikuipenda: maji yale yale yatakayoinyanyua ngalawa yetu, ndiyo yatakayofunika lile fungu.

Kwa hiyo nikakaa. Masaa matatu, mpenzi msomaji. Nimekaa chini ya mti, mkoba mapajani, ndani yake maji lita tatu, chapati sita na kofia ya mtu aliyekuwa anaungua jua mbele ya macho yangu. Nilifungua chupa nikashindwa kunywa.

Kina mama wa pweza

Saa saba kasoro ngalawa ilianza kucheza. Tulisukuma, nikalowa mpaka kifuani na sikujali. Safari hii upepo ulikuwa wetu, tukaenda kasi. Fungu lilikuwa limebaki kipande kidogo kama mkeka, na pembeni yake limeegeshwa dau. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya ubao wake, kajifunika kanga kichwani, anakula muhogo.

Kanga ya nani? Muhogo wa nani?

Ilikuwa hivi. Ule mpira unaounganisha mlingoti na ubao ulikatika. Ubao ukawa peke yake, tanga peke yake. Mkondo ukaanza kumvuta kuelekea mlango wa Kinasi. Akalalia ubao, akapiga makasia kwa mikono huku anaburuta tanga, akaliona fungu linatokeza, akalikamata. Anasema mita mia za mwisho alikuwa anapiga mikono anasali. Saa moja baadaye likaja dau la kina mama waliokuwa kwenye pweza, maana maji ya bamvua yakikauka ndipo miamba inapofunguka na pweza wanapopatikana. Wakamwona mtu mzima peke yake juu ya mchanga. Wakampa maji kutoka kwenye kidumu chao, muhogo wa kuchemsha na kanga ya kujifunika. Walipomaliza kazi yao hawakuondoka. Walikaa naye mpaka watuone.

Mkubwa wao, bibi wa makamo ya mama yangu, alinipokea mkono, kisha akamgeukia yeye. "Mwanangu, nyumbani unatoka mikono mitupu, sawa. Baharini hutoki mikono mitupu. Sisi tungekuwa hatuna, ungekunywa nini?"

Mume wangu hakuwa na jibu. Nilitaka kuwapa pesa wakakataa, wakachukua zile chapati na mayai, tukaagana. Kanga wakaniachia mimi, mpaka leo ninayo.

Jioni ile

Sasa usidhani tulikumbatiana tukasahau. Jioni ile tuligombana, tena vizuri tu. Nilimwambia hata chupa moja umeshindwa kuchukua? Akanijibu kwa upole, na ndiyo iliyouma: "Ulikuwa umeshabeba wewe. Wewe ndiye unayebeba siku zote."

Nilikaa na jibu hilo usiku mzima. Kwa kweli mara ngapi ameinua mkono kuchukua kitu nikamwambia acha, niko nacho? Safarini nafunga sanduku lake. Asubuhi naweka chaja yake kwenye begi lake la kazini. Halafu nalalamika kwa mashosti kwamba mume wangu ni kama mtoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa napenda. Mkoba wangu ulikuwa unanihakikishia kwamba hawezi kwenda popote bila mimi. Kumbe anaweza kwenda kilomita mbili, na asiwe na tone la maji.

Yeye naye alikiri yake. Alisema kutokubeba kulimfanya ajione huru, kijana, hana mzigo. Lakini pale mchangani aligundua uhuru ule ulikuwa wa mkopo, na aliyekopwa ni mimi.

Jibondo na madumu

Siku ya tatu nahodha alitupeleka Jibondo, kusini mwa Juani. Nadhani alifanya makusudi. Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, watu wake ni mafundi wa majahazi na wavuvi hodari, lakini maji baridi yalikuwa shida kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi watu wa pale walikuwa wakikinga mvua na kuvusha maji kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Hebu fikiria, maji ya kupikia, ya kuogea mtoto, ya kutawadhia, yalikuwa yanapita baharini kwanza.

Nikaanza kuangalia vitu ambavyo juzi nisingeviona. Dumu la maji kwenye ngalawa halikai popote tu. Linakaa chini kabisa, karibu na mlingoti, limefungwa kamba. Ukiliweka mbele, chombo kinachimba mawimbi. Ukiliweka upande mmoja, nahodha anahangaika na usukani siku nzima. Chakula kiko kwenye kikapu cha ukili kilichoning'inizwa juu, kisiguse maji ya ngama yaliyokusanyika chini. Kiberiti kiko ndani ya kichupa chenye kifuniko. Kamba ya akiba ipo, imekunjwa vizuri. Hakuna aliyesoma haya kwenye kitabu. Akiba haiozi, na baharini ndiyo inayokurudisha kwa wanao.

Nahodha alimwonyesha mume wangu jambo moja lililomnyamazisha. Alichukua kipande cha kamba kama urefu wa mtu, akakipitisha pale mpira ulipokatika, akakaza kwa mafundo. Dakika kumi. Mlingoti ukasimama. Si wa kukimbilia mbio, lakini wa kumrudisha mtu Utende taratibu ungetosha kabisa. Yaani yale masaa yote ya fungu yalikuwa bei ya kamba ya mita mbili.

Ukitaka kusafiri na ubao: tulivyojifunza

Siku ya nne mume wangu alitoka tena, safari hii maji yakiwa yanajaa, na sisi nyuma yake na ngalawa. Alibeba vyake mwenyewe. Haya ndiyo tunayoyafuata hadi leo:

Maji yakae kiunoni, si mabegani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiiweka juu mgongoni, kila ukivuta tanga kutoka majini mgongo unalia na mizani inapotea. Mkoba wa kiuno unaokaa nyuma, juu kidogo ya makalio, ndio mzuri, kwa sababu mbele pana ndoano ya mkanda wa tanga. Ule mfuko laini wa maji wenye mrija unafaa pia, mradi uvaliwe chini ya jaketi la kuelea ubanwe usichezecheze. Yeye anabeba lita moja na nusu kwa nusu siku.

Usifunge mzigo kwenye pua ya ubao. Ubao utachimba maji na kukurusha. Kama lazima ufunge kitu, kifunge nyuma ya mlingoti, katikati, kikazwe kabisa, na kisikuzibe njia ya kupanda ukianguka.

Usinywe yote mapema. Chupa iliyojaa maji baridi huelea baharini, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Ikikuponyoka utaiona. Hata hivyo ifunge kamba.

Chakula kiwe kidogo na kigumu kuharibika. Tende, karanga, kashata. Vinaliwa kwa mkono mmoja, vikilowa kidogo havikasiriki. Chapati na mayai viache kwa walio kwenye ngalawa. Na usijaze karanga za chumvi, zitakumalizia maji.

Vitu vidogo vitano: filimbi iliyofungwa kwenye jaketi, kamba ya mita mbili au tatu, kisu kidogo, simu ndani ya kifuko kisichopitisha maji, na kitambaa cha rangi kali cha kupunga. Vyote vinaingia kwenye mkoba wa kiuno. Simu ifungwe, maana kifuko kizuri kikizama nacho hakina msaada. Usitegemee mifuko ya plastiki ya dukani, ile ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na hata zamani ilikuwa haizuii maji.

Mwambie mtu. Unaenda wapi, unarudi saa ngapi, na kabla ya hapo muulize nahodha maji yanakwendaje. Akikujibu, msikilize mpaka mwisho.

Ukiamua kwenda

Kwa upepo nenda Juni mpaka Septemba. Kwa papa potwe, wale samaki wakubwa wapole wanaoonekana upande wa Kilindoni, nenda kati ya Oktoba na Machi; bahari huwa tulivu zaidi na ni msimu mzuri pia wa kupiga mbizi. Aprili na Mei ni masika, achana nayo. Chukua pesa taslimu ukiwa Kilindoni, maana kule Utende hakuna benki. Ukipita vijijini, vaa kwa heshima, wenyeji ni Waislamu na ni watu wa adabu. Salimia kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa. Ukipata nafasi nenda Kua, kule Juani, uone magofu ya mji ulioangushwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini angalia maji ya kurudia!

Sasa turudi kwenye swali langu la mwanzo. Tangu Mafia, nyumbani kwetu tuna utaratibu. Tukitoka, kila mtu anabeba maji yake, simu yake na funguo zake. Kuna mkoba mmoja wa vitu vya wote, na tunapokezana. Mwanzoni mikono yangu iliona kitu kinakosekana. Mara mbili nimejikuta nataka kumwekea chaja. Mara moja yeye kasahau maji, akanitazama, nami nikatazama pembeni. Akarudi ndani kuchukua.

Wiki iliyopita nilikuwa naumwa kichwa, tuko kwenye foleni Mwenge, jua kali, nimesahau chupa yangu ofisini. Akanyoosha mkono kiti cha nyuma, akatoa maji yake na vidonge. Alikuwa navyo.

Niliyanywa yale maji taratibu, mpenzi msomaji. Sijawahi kunywa maji matamu vile tangu nimeolewa.